Garland Hutchens na Benchi la Bani

Wasifu wa marehemu, umeandikwa na kusomwa na bintiye, Wilma Hutchens Sowers
Kanisa la Bent Poplar, Virginia, Ijumaa tarehe 2 Novemba 1984

Baba yetu, Garland Roscoe Hutchens, alizaliwa tarehe 9 Machi 1905 katika nyumba ya magogo juu ya kijito cha Bent Poplar, kaunti ya Patrick. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Amos Hutchens na Bi Nola. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, baba mdogo Alvis, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo. Babu alilima tumbaku. Bibi alilima pia, lakini aliimba zaidi ya alivyolima. Aliimba akikamua ng'ombe na akifunga majani kwenye fito, nyimbo ndefu ambazo wazee wake walikuja nazo kutoka ng'ambo ya bahari, karibu zote za wasichana waliozamishwa mtoni na wachumba wao. Baba alikuwa akisema kwamba alijua namna ya kumzamisha mchumba kabla hajajua kuandika jina lake.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya hapa Bent Poplar kuanzia mwaka 1911 hadi 1918. Mwalimu wake, Bi Pruitt, alimsifu kwa hesabu na kumchapa kwa kupiga ngoma kwenye dawati. Cheti chake cha darasa la saba kimetundikwa ukutani hadi leo. Hata hivyo, baba mwenyewe hakuwahi kuita ile elimu. Elimu yake aliipata penginepo, na hapo ndipo wasifu huu unapoanza kuwa mgumu kusoma. Naomba mnivumilie.

Nyote mnajua kazi ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto. Moto ukishawashwa hauachwi, mchana na usiku, mpaka majani yakauke na kuwa ya manjano, na hakuna familia moja inayoweza kazi hiyo peke yake. Bani letu lilipakana na la akina Millner, kijito katikati. Akina Millner walikuwa watu Weusi. Wakati wa mavuno walikuja kwetu wiki hii, nasi tukaenda kwao wiki inayofuata, tangu enzi za baba yake babu. Ndani ya nyumba yetu hawakuingia, na sisi hatukuingia kwao. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyejiuliza. Lakini mbele ya tanuri la bani letu palikuwa na benchi moja la gogo lililopasuliwa, na yeyote aliyekuwa zamu ya moto alikaa hapo, awe Mweusi au Mweupe.

Kwenye benchi hilo Ezell Millner alimfundisha baba gita. Ezell alizaliwa mwaka 1901, mtoto mkubwa wa jirani yetu Mzee Tobe Millner. Alipiga besi kwa dole gumba na sauti ya juu kwa vidole viwili, na akitaka gita lilie alilipakata mapajani na kutelezesha kisu cha mfukoni juu ya nyuzi. Bibi Nola, aliyekuwa akifunga majani hatua chache kutoka hapo, ndiye aliyenisimulia walivyokuwa wakisemezana.

"Garland, unapiga kama unafukuza kuku," Ezell alikuwa akimwambia. "Liache gumba litembee. Nyumbu haulizwi kila hatua."

"Linanigomea bwana!"

"Linakugomea kwa sababu unalitazama. Mtazame mama yako anavyoimba, gumba litakuja lenyewe."

Siku moja Ezell alichukua wimbo mmoja wa bibi, ule wa msichana wa kinu cha maji, akaupunguza mwendo, akazipinda sauti zake kwa kisu, akautilia maneno ya mkulima ambaye bani lake limeungua pamoja na mavuno ya mwaka mzima. Ukawa blues, muziki wa majonzi wa watu Weusi. Bibi aliacha kufunga majani, akamwendea.

"Wewe kijana, umemfanya nini msichana wangu?"

"Nimemtoa mtoni, Bi Nola. Sasa ana mchumba mwingine, huyu anakunywa kidogo."

Bibi alicheka mpaka ufito ukamponyoka. Kuanzia siku hiyo aliuimba kwa njia ya Ezell, naye Ezell akawa anamwomba nyimbo nyingine. Ndivyo muziki wa kijito hiki ulivyozaliwa, kwa kupokezana, na anayetaka kutuonyesha mpaka wa Weusi na Weupe ndani ya wimbo ule aje na kamba aupime. Mimi nimeusikiliza maisha yangu yote na sijauona.

Mwezi Februari mwaka 1928 kampuni moja ya santuri kutoka kaskazini ilikuja Winston-Salem na mashine yake, ikatangaza kwamba inatafuta wapigaji. Baba na baba mdogo Alvis walikwenda. Gita la baba lilikuwa limepasuka ubavu, hivyo Ezell alimwazima lake. Waliimba wimbo ule ule, wakauita "Bani Limeungua," na santuri ikatoka mwezi wa Julai. Anayeisikiliza leo anasikia sauti ya bibi kinywani mwa baba, gumba la Ezell mkononi mwa baba, na gita la Ezell lenyewe.

Kampuni ile ilikuwa na orodha mbili za kuuzia, moja ya Weupe na moja ya Weusi. Watu wa huko kaskazini, ambao walisikiliza bila kuona sura, waliwaweka ndugu wawili wa Hutchens kwenye orodha ya Weusi. Duka moja la Danville likatundika tangazo lenye mchoro wa mtu Mweusi amekenua meno mbele ya bani, na chini yake jina la baba yangu kwa herufi kubwa.

Ningependa sana kuwaambia kwamba baba alicheka. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo angeweza kupewa: masikio yaliyozoea kazi hiyo yalimsikia akawa hatofautiki na mwalimu wake. Baba aliona aibu. Aliona aibu ya kitu kisichokuwa na aibu, na katika kuikimbia akatenda jambo la aibu kweli. Sisi wanawe tumeirithi.

Kwa kinyozi walimpokea kwa vicheko. "Garland, karibu! Leo umesahau, mlango wenu uko nyuma!" Mwingine akauliza kama alikuwa akijipaka masizi kabla ya kuimba au baada. Baba alikuwa amechumbia binti wa Shemasi Tilley, mama yetu, na shemasi alimwita barazani na kumwambia bila kumkaribisha kukaa, "Verna hataolewa na mtu wa kwenye tangazo lile. Lisafishe jina lako kwanza, ndipo tuzungumze." Baba mdogo Alvis alikuwa na miaka ishirini na damu ilikuwa inachemka, yeye ndiye aliyetafuta wakili.

Basi siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1928, ndugu hao wawili walisimama mbele ya hakimu wa kaunti, wakainua mikono, wakaapa kwa jina la Mungu kwamba hawakujifunza wimbo wowote kwa mtu Mweusi, wala hawajawahi kukaa na mtu Mweusi kwa ajili ya muziki. Kampuni iliomba radhi na kuihamishia santuri kwenye orodha nyingine. Kiapo kilichapishwa katika gazeti la kaunti, na mwezi huo hakukuwa na nyumba ambayo hakikusomwa, ya Mweupe wala ya Mweusi.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya bani letu. Babu alidhani akina Millner hawatakuja. Ezell alikuja, na nyumbu wake, saa ile ile ya kila mwaka, akafanya kazi asubuhi nzima. Mchana bibi alileta maharage, mkate wa mahindi, nyanya na mtindi. Wengine wote walikaa kwenye benchi. Ezell alichukua sahani yake, akasimama.

"Kaa basi, Zell," baba alimwambia.

"Hapana, Bwana Garland."

Bibi alisema hapo ndipo mkono wake ulipoganda kwenye sufuria, maana Ezell hakuwahi kumwita baba "Bwana" tangu wakiwa watoto.

"Zell, usinifanyie hivyo. Yale yalikuwa maneno ya wakili tu."

"Wakili ndiye aliyeinua mkono?"

Baba aliinamisha macho kwenye sahani yake.

"Umemwambia Mungu kwamba hatujawahi kukaa pamoja," Ezell alisema. "Mimi nani nimfanye Mungu akuone mwongo? Nitakula wima, na chakula kitashuka vizuri tu."

"Mwache asimame," baba mdogo Alvis akadakia. "Miguu si yake?"

"Alvis, funga mdomo," bibi alisema. Kisha akamgeukia baba. "Na mimi je? Wimbo wangu umo humo humo. Kesho mtaapa kwamba na mama yenu hamumjui?"

Ezell alimaliza chakula, akamshukuru bibi, akarudi kwenye majani. Kuanzia siku hiyo hadi alipofariki hakuketi tena mbele ya baba. Walikutana dukani, kwenye mnada wa tumbaku, kwenye foleni ya kinu. Ezell akimwona, kama alikuwa amekaa alisimama, akavua kofia, akasema, "Bwana Garland." Watu walimsifu kwa adabu. Baba alijua ile haikuwa adabu, na kila mara alirudi nyumbani uso umemshuka. Mara kadhaa nilimsikia akimwambia, "Kaa, Zell, nakuomba," na Ezell akijibu kwa upole, "Asante, sijawahi."

Baba alimwoa mama yetu, Verna Tilley, katika kanisa hili tarehe 22 Juni 1929. Walijaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Dwight. Ndoa yao ilikuwa njema na ilidumu hadi mama alipotangulia mbele ya haki mwaka 1977. Alikuwa baba mpole. Hakutupiga. Alitutengenezea vigari vya mbao na kutufundisha kupiga mluzi. Kuanzia mwaka 1930 alifanya kazi kiwanda cha fanicha huko Martinsville, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mashine za kukereza miguu ya viti, na alistaafu kwa heshima mwaka 1970. Viti vingi mlivyonavyo majumbani mwenu vinasimama kwa kazi ya mikono yake.

Hakurekodi tena. Gita alilipiga jikoni, nasi tukiwa tumelala au tukijifanya tumelala. Bani lilipobomolewa mwaka 1952 alilibeba lile benchi hadi nyumbani, akaliweka barazani, akawa analipaka mafuta kila masika. Yeye mwenyewe hakulikalia. Mama alimtania, "Garland, kama ni madhabahu nipe na mshumaa." Alicheka, lakini alipoondoka mgeni aliyelikalia, alilifuta.

Mzee Ezell Millner alifariki tarehe 3 Mei 1961. Baba alivaa suti, akaenda kwenye mazishi katika kanisa la Mount Nebo, Mweupe peke yake. Mhudumu alimletea kiti, akakataa, akasimama ukutani nyuma. Wasifu ulisomwa na bintiye Mzee Ezell, Bi Lorene. Ulipofika kwenye muziki ulisema kwamba marehemu alifundisha gita kwa vijana wengi wa kijito hiki, Weusi na Weupe, na kwamba familia haitawataja Weupe kwa majina, kwa kuwa waliapa hawakufundishwa naye na familia inaheshimu kiapo chao.

Baba alirudi, akakaa jikoni na koti lake. "Wamenistahi, Verna," alimwambia mama. "Wangenitukana ningepumua."

Mtu angedhani baada ya hapo angesema ukweli. Mwaka 1965 kijana mmoja wa chuo kikuu alikuja na kinasa sauti, akakaa barazani, akamuuliza baba swali ambalo alikuwa amelisubiri miaka thelathini na saba: "Mzee, hilo gumba ulifundishwa na nani?" Mama alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya vipande vya pai. Baba alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, akasema, "Mama yangu." Wimbo ulikuwa wa mama yake, ndiyo. Gumba halikuwa la mama yake. Kijana aliandika, akashukuru, akala pai, akaondoka na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo imehifadhiwa chuoni hadi leo. Baba hakula siku hiyo wala kesho yake.

Tarehe 11 Januari 1982 baba alipatwa na kiharusi kilichoua mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi. Mkono wa kulia ulibaki mzima. Akiwa kitandani gumba lake lilikuwa likigonga blanketi, kwenda na kurudi, bila kukosea, na muuguzi alidhani anataka maji. Nilimuuliza anapiga nini.

"Sipigi," alisema. Maneno yake yalikuwa mazito kwa ule ugonjwa. "Ni Zell huyo."

Ndipo aliponiagiza. Alisema katika mazishi yake watu wasiambiwe alikuwa mtu mwema kabla ya kuambiwa alivyoapa. Alisema benchi apewe Bi Lorene. Nilimuuliza kwa nini asimwite Bi Lorene aje amwambie mwenyewe, maana anakaa maili nne tu. Aligeuza uso ukutani. Nasema hili kwa kumpenda: hata akiwa anakufa, baba yangu aliogopa. Afya yake ilizidi kudhoofika, akapata homa ya mapafu, na Jumanne tarehe 30 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, alitutoka.

Jumatano nilikwenda kwa Bi Lorene Millner Penn. Alinikaribisha ndani, akanipa kahawa, nikamsomea niliyoyaandika. Alisikiliza yote.

"Mtaje baba yangu," alisema. "Jina zima. Sema alimfundisha. Lakini hapo ulipoandika walikuwa marafiki, futa."

"Bibi yangu alisema walipendana kama..."

"Wilma, dada yangu, nisikilize. Baba yangu alikuwa rafiki. Baba yako alikuwa na rafiki. Hayo ni mambo mawili."

Nikafuta. Kisha nikamwambia kuhusu benchi. Aliweka kikombe chake mezani.

"Nilifanyie nini? Baba yangu hajawahi kulikalia. Si mliapa?"

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Aliniona, akanisogezea sukari, na akasema atakuja kwenye mazishi, kwa ajili ya Bi Nola na nyimbo zake. "Ila usihangaike kuniwekea kiti."

Jana jioni nilimsomea baba mdogo Alvis pia, ili asishtukie hapa mbele ya watu. Aligonga fimbo sakafuni. "Utatuaibisha, mtoto wewe! Kaka hajapoa, unamvua nguo kanisani!"

"Aibu tunayo tayari, baba mdogo. Mimi naisoma tu."

"Kila mtu alikuwa akifanya hivyo enzi zile."

"Bibi hakufanya."

Nilidhani atanifukuza. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama Lorene ni yule mtoto aliyekuwa akija bani na kofia ya baba yake imemfunika macho. Nikamwambia ndiye.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, Amos na Nola, mkewe, Verna, na mwalimu wake wa muziki, Ezell Tobias Millner, ambaye alikaa naye kwenye benchi moja kila mavuno kuanzia mwaka 1916 hadi 1927. Kiapo cha tarehe 14 Agosti kilikuwa cha uongo. Familia inalisema hili kanisani, mbele ya Mungu yule yule.

Ameacha mdogo wake, Alvis Hutchens wa Stuart. Binti yake, Wilma, na mkwewe, Roy Sowers. Mwanawe, Dwight, na mkewe, Patsy, wa Roanoke. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Tunawashukuru majirani kwa chakula, na wanaume waliochimba kaburi kwenye mvua.

Benchi liko nje, kando ya mlango. Yeyote aliyechoka, mwenye mtoto au mwenye magoti mabaya, na alikalie. Limekaa tupu vya kutosha. Bi Lorene Penn yuko nyuma, amesimama. Tunaomba asisumbuliwe kwa viti. Sisi wa ukoo wa Hutchens tutasimama pamoja naye kuanzia sasa mpaka udongo wa mwisho, na baba mdogo Alvis, ambaye daktari amemkataza kusimama, ameniomba asubuhi hii nimshike mkono ainuke.

Mungu ampe baba yetu pumziko, na huko aliko, kama Mzee Ezell atapenda, amwambie akae.